Nani Anampandishia Mama Presha

Wifi yangu nilimshtukia zamani. Mtu gani anatabasamu hata ukimsema? Si bure. Mama yetu ana kisukari tangu sijaolewa, na miaka yote hiyo presha yake ilikuwa imetulia. Kaka alipomhamishia kwake, mikononi mwa mkewe, presha ikaanza kupaa. Kisha mama akaanza na kuanguka. Akinyanyuka tu kitandani, puu, sakafuni! Mara ya mwisho nusura avunjike nyonga. Nililia kama mtoto.

Mimi si mjinga. Nikanunua mashine ya presha, na kila jioni nikawa natua kwa kaka bila taarifa. Namfunga mama mkanda mkononi, nabonyeza, na huku nauliza. "Leo umekula nini? Dawa kakupa nani? Uliziona zikitoka kwenye pakiti? Mbona wifi kanuna?" Mama anajibu, mkanda unajaa upepo, namba zinatoka za kutisha. Nikazipeleka kwa daktari, akaongeza dawa. Hazikushuka, akaongeza tena. Na mama akazidi kuanguka.

Nikampasulia kaka: mkeo anachezea dawa za mama. Aondoke yeye, au mama namchukua mimi. Kaka, maskini, akaomba tusubiri kwanza siku ya kliniki.

Kliniki tulikwenda watatu, maana wifi naye alijipachika. Muuguzi wa kisukari akamkalisha mama vizuri, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza. Akasema tukae kimya kidogo kabla ya kupima.

"Sawa," nikasema, "ila ujue humu ndani kuna mtu..."

"Dada, hebu subiri nje."

"Mimi? Na huyu je?"

"Huyu amenyamaza."

Nikasimama nje, sikio mlangoni. Kimya. Kimya gani kirefu hivyo? Wananong'ona hawa, nikajisemea, wanapanga maneno. Uvumilivu ukanishinda, nikasukuma mlango.

Mama alikuwa amesimama, mkanda mkononi, wifi kamshika kiuno. Muuguzi akamrudisha kitini, kisha akanigeukia.

"Akikaa ametulia, presha yake ni nzuri. Akisimama, inaporomoka. Sukari ya miaka mingi imemwathiri mishipa ya fahamu, mwili hauwahi kuipandisha presha akinyanyuka. Sasa ukimjazia na dawa asizozihitaji, lazima aanguke. Zile namba kubwa alizileta nani?"

"Mimi! Na ni za kweli!" nikafoka. "Mashine haina sababu ya kudanganya. Muulize huyu anampa nini mama yangu! Mama, si useme? Sema mbele yake!"

Mkanda ulikuwa bado mkononi mwa mama, muuguzi akabonyeza tu. Ukajaa, ukalegea, na sote tukatazama. Mia moja na sabini na kitu.

Nilimwangalia wifi nione kama anacheka. Hakucheka. Alikuwa anamfuta mama jasho la usoni.

"Mwanangu," mama akasema taratibu, "nakupenda. Lakini nikisikia sauti yako mlangoni tu, moyo unanienda mbio."

Ulimi ukaniwasha nimuulize ni nani aliyemfundisha maneno hayo. Nikaona zile namba bado zinawaka pale mezani, nikafunga mdomo.