Kaburi la Elias na Msimu wa Kelbridge

Truphosa hakujua mpira. Alijua tu kwamba wanaume wazima hukimbizana mpaka mmoja aanguke na kujifanya amekufa, na kwamba mumewe Otuoma, fundi seremala aliyekuwa na akili timamu tangu amwoe, sasa alikuwa anakosa usingizi kwa ajili ya timu ya mji wa Uingereza asioujua hata kwa picha. Lakini kufikia Februari mwaka huu mama huyu aliujua msimamo wa ligi kuu kuliko alivyozijua nyimbo za kanisani. Na alikuwa anausoma kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu chini huko ndiko kulikokuwa na ruhusa ya kumzika mwanawe.

Timu yenyewe iliitwa Kelbridge. Usijisumbue kuitafuta kwenye migongo ya watu wa Mwanza, hutaiona. Mwanza nzima imegawana timu tatu nne za Uingereza, zile kubwa, na mtoto akizaliwa ni kama anapangiwa mojawapo. Kelbridge ilikuwa na shabiki mmoja, naye ni Elias, mtoto wa kwanza wa Truphosa. Ushabiki wake ulitoka kwenye rundo la mitumba pale Mlango Mmoja, akiwa bado shule ya msingi. Mama yake alimchagulia jezi ya mistari ya njano na bluu kwa sababu kitambaa kilikuwa kizito, basi. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka, naye akaipenda hiyo timu kwa ukaidi. Ilipokuja kupanda ligi kuu alikuwa kijana mkubwa anayevua dagaa kutoka mwalo wa Igombe, na ikawa zamu yake kucheka.

Jioni aliyoondoka mara ya mwisho, jezi ilikuwa kwenye kamba, haijakauka. Alimwambia baba yake kwa utani, akiwa ameshika mlango, "Baba, kesho Kelbridge wanacheza. Niangalizie. Matokeo utanipa nikirudi."

Usiku ule upepo uliupindua mtumbwi wao ziwani. Wenzake walipatikana, wawili wakiwa hai na mmoja akiwa amenasa kwenye matete. Elias hakupatikana. Kesho yake, watu wakiwa bado ziwani wanamtafuta, Otuoma ambaye hajawahi kukanyaga kibanda umiza, banda la kulipia kuangalia mpira, maishani mwake alikwenda Buzuruga, akakaa kwenye benchi la mbele, akaangalia mechi mpaka mwisho. Truphosa hakumsamehe kwa hilo kwa muda mrefu. Tangu siku ile Otuoma hakukosa mechi hata moja.

Kwa watu wao, Wajaluo wa Rorya, aliyemezwa na ziwa haachwi hivihivi. Hutafutwa tunda la mwegea, lile refu na zito wanaloliita yago, likalazwa kaburini mahali pa mwili. Watu wakalia, wakala, wakaondoka, na marehemu akajua nyumbani kwake ni wapi. Otuoma alikataa. Alisema hawezi kufukia tunda na kuliita mtoto. Mwaka ukaisha, na wa pili ukaingia. Mdogo wake Elias, Adoyo, akachumbiwa, lakini wazee wa upande wa mume wakasema hawaingii kwenye nyumba ambayo kaka bado yuko nje. Adoyo mwenyewe akaanza kuota ndoto ileile: Elias amesimama mlangoni akichuruzika maji, anauliza alale wapi.

Mwezi wa nane Okal, kaka mkubwa wa Otuoma, akaja nyumbani kwao Buswelu na wazee wawili kumkalisha mdogo wake kitako. Walimbana mchana kutwa. Mwishowe Otuoma akainua kichwa na kusema, "Haya. Kelbridge wakishuka daraja msimu huu, zikeni. Wasiposhuka, msiniambie tena habari ya kaburi mpaka nife."

"Unaapa?" Okal akauliza.

"Naapa kwa jina la baba."

Kelbridge walikuwa wamemaliza msimu uliopita katika nafasi ya sita. Otuoma alijua alichokuwa anafanya. Alikuwa ameufunga mlango na kuwakabidhi ufunguo wa bandia, na wale wazee hawakugundua hilo. Truphosa aliyekuwa anawapelekea chai aligundua papo hapo, akatamani kummwagia birika zima.

Basi hebu ona mambo. Mechi ya kwanza Kelbridge wakafungwa. Ya pili wakafungwa. Mshambuliaji wao akavunjika mguu mazoezini, kipa akagombana na kocha, kocha akafukuzwa, akaja mwingine aliyekuwa mbaya zaidi. Kufikia Krismasi walikuwa mkiani. Machibya, Msukuma mwenye kibanda umiza, mtu wa maneno mengi, kila alipomwona Otuoma anaingia alimwuliza, "Mzee, leo nikuwekee benchi au nikutandikie mkeka wa msiba?" Watu hucheka. Machibya hakujua lolote, wala Otuoma hakumwambia. Alikuwa anakaa tu pale mbele, mikono katikati ya magoti, anazidi kukonda.

Na Truphosa alikuwa anaomba. Hili hakulisema kwa mtu. Kila Jumapili alipiga magoti na kumwomba Mungu aiangushe timu ya mwanawe. Mwanzoni aliona aibu kumsumbua Mungu kwa mambo ya mpira. Baadaye, alipoona kila anachokiomba kinatokea wiki hiyohiyo, aibu ikageuka kuwa hofu. Alikuwa ameomba mambo makubwa zaidi ya hayo maishani, likiwemo lile la Elias apatikane, na hakujibiwa. Mbona hili linajibiwa haraka hivi? Nani anayemsikiliza?

Aprili, redio zote zikasema Kelbridge wamekwisha, bado kuzikwa tu. Mtangazaji alisema hivyohivyo, kuzikwa. Okal akapiga simu kutoka Rorya.

"Shemeji, mimi nakuja na yago. Tuchimbe kabisa."

"Msimu haujaisha, shemeji."

"Umeisha. Hata mtoto anajua."

Truphosa alijua kaburi halichimbwi kabla ya wakati wake. Hilo hata Adoyo alilijua. Lakini alikuwa amechoka. Akasema, "Njoo."

Okal akaja na vijana, wakachimba mchana Otuoma akiwa kazini, upande wa kulia wa nyumba, karibu na migomba. Yago likawekwa stoo, limefunikwa kanga. Otuoma aliporudi alikuta lundo la udongo mwekundu limesimama uani kwake. Truphosa alijikaza akisubiri apigiwe kelele. Otuoma hakupiga kelele. Alilizunguka lile shimo, akachuchumaa, akalitazama kama anavyotazama mbao kabla ya kuzikata.

"Fupi," akasema. Akaingia ndani kulala.

Lile neno lilimkaa Truphosa kifuani. Yago lina urefu wa mkono wa mtu. Shimo lile lingelitosha mara tatu. Fupi kwa nani?

Jumamosi iliyofuata Kelbridge wakashinda, na ile iliyofuata wakashinda tena, ugenini, kwa timu kubwa, mpaka Machibya akazima jenereta kwa mshangao akidhani anaongeza sauti. Masika nayo ikakolea. Shimo likajaa maji, yakanywea, likajaa tena. Kuku wa Adoyo akatumbukia humo akafa, na hakuna aliyetaka kumtoa. Adoyo akaacha kupita upande ule wa nyumba. Alikuwa anazunguka nyuma, kwenye choo, hata akiwa amebeba ndoo kichwani.

Okal hakurudi Rorya. Alikaa sebuleni na fimbo yake, uso umemshuka, kwa sababu kosa lilikuwa lake na alilijua. Siku moja akamwita Truphosa.

"Shemeji, kaburi likikaa wazi linajitafutia mtu. Lazima liingie kitu. Wakishuka, tunamzika Elias. Wasiposhuka, inabidi tuzike mgomba, ndivyo tunavyofunga kaburi lililochimbwa kwa makosa."

"Halafu Elias tunamchimbia lini?"

Okal akaitazama fimbo yake. "Ukishazika mgomba, umesema hapakuwa na maiti. Hachimbiwi tena. Atabaki hukohuko."

Truphosa alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Alikuwa amelichimba mwenyewe lile shimo kwa neno moja kwenye simu. Sasa wanaume wasiomjua, wa nchi ya mbali, walikuwa wanakimbia kwa nguvu zao zote ili mtoto wake asirudi nyumbani, na wala hawakujua. Aliwachukia mmoja mmoja.

Ikabaki mechi ya mwisho, Jumapili jioni. Kelbridge walihitaji sare tu. Wakifungwa, wameshuka.

Truphosa alivaa gauni la kanisani akaenda Buzuruga. Kibanda kilikuwa kimefurika watu waliokuja kuangalia timu itakayochukua ubingwa kwenye skrini kubwa. Kelbridge walikuwa kwenye kitelevisheni kidogo kwenye kona, na mbele yake alikaa mtu mmoja. Machibya alimwona Truphosa, akaondoa mzaha usoni.

"Shikamoo mama. Karibu, kaa na mzee."

"Marahaba, baba." Akakaa. Otuoma alisogea kumpisha, asimwangalie. Kwenye mapaja alikuwa ameikunja jezi ya njano na bluu.

Kelbridge wakafungwa mapema. Machozi yakamtoka Truphosa, akayaacha yatoke. Muda ukaenda. Wale wa skrini kubwa walishangilia vya kwao. Yeye alikuwa anapanga kichwani: nani apigiwe simu kwanza, unga uko wapi, padri ataitwa saa ngapi. Aliona mkono wa mumewe umeishika jezi kwa nguvu, akamwonea huruma, ila hakuacha kuomba. Wafungwe hivyohivyo. Baba, wafungwe hivyohivyo.

Mwamuzi alikuwa ameshaanza kuangalia saa yake pale mpira ulipopigwa juu, ukamgonga beki wa Kelbridge begani, yeye mwenyewe akiwa amegeuka upande mwingine, ukaingia wavuni mwa wapinzani. Bao la ajabu, la kipumbavu. Sare, moja kwa moja.

Machibya alipiga yowe. Watu wakahama kutoka skrini kubwa, wakamnyanyua Otuoma juujuu, mzee wao wa Kelbridge, mkaidi wao. Otuoma alining'inia mikononi mwao bila kucheka. Alimtafuta mkewe kwa macho, na mkewe alikuwa ameshatoka.

Nyumbani, Okal alikuwa ameshausikia mpira kwenye redio. Usiku uleule alikata mgomba akaulaza kando ya shimo, tayari kwa asubuhi. Truphosa alilala na nguo zake.

Kulipokucha aliamshwa na sauti ya jembe. Akajua mumewe ameanza kuzika mgomba bila kungoja mtu, akatoka mbio, peku. Lakini mgomba ulikuwa palepale ulipolazwa. Otuoma alikuwa ndani ya kaburi. Kichwa na mabega tu ndivyo vilivyoonekana, matope mpaka kifuani, na Truphosa akakumbuka maneno ya Okal. Linajitafutia mtu.

"Baba Elias. Toka humo. Nakuomba utoke."

"Niliwaambia ni fupi," Otuoma akasema. Alikuwa anachimba upande wa kichwani, analirefusha. "Elias haenei humu. Nimemtengenezea kitanda mimi, najua urefu wake."

Truphosa alikaa chini kwenye udongo.

"Aliniachia timu," Otuoma akaendelea, jembe halisimami. "Ningemzikaje nikiwa nimeiangusha? Angeniuliza matokeo, ningemjibu nini? Kila ilipofungwa nilisema, sasa namzika na habari mbaya." Akapumua. "Imebaki, Mama Elias. Nimemtunzia. Kamlete."

Walimlaza ndani ya jezi yake, yago limevishwa, mikono ya jezi imekunjwa kifuani. Otuoma aliinama mpaka shavu likagusa udongo akasema kwa sauti ya kawaida, "Moja kwa moja. Bao la dakika za mwisho, la bega." Halafu akalia, kwa mara ya kwanza tangu mtumbwi upinduke, na Adoyo akamshika.

Okal alisimama mbali, karibu na mgomba wake, koleo halimo mikononi.

"Aliapa kwa jina la baba," akasema. "Alisema wasiposhuka hazikwi. Hawakushuka. Mimi siweki udongo humo, shemeji, wala wazee hawataweka. Neno lile mwenyewe ni marehemu baba yetu, na atalidai kwa mmoja wetu."

Upepo ulikuwa unatoka ziwani, na barabarani vijana wa bodaboda walikuwa bado wanaigiza lile bao la bega na kuvunjika mbavu. Adoyo alimtazama mama yake. Otuoma alikuwa bado amepiga magoti, hana nguvu ya kuinuka. Kwa desturi mwanamke hatangulii kuweka udongo, na Truphosa alilijua hilo vizuri kuliko wote waliosimama pale.

Aliinama, akajaza mikono yote miwili, akamwagia udongo juu ya mistari ya njano na bluu.

"Basi adai kwangu," akamwambia Okal, akainama kuchota tena.