Yule Mama wa Katikati

Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa mpiga chapa wa mahakama. Wenzangu waliniita Mama Mashine, na jina hilo nililipenda kuliko nilivyowaonyesha. Kazi yenyewe ina adabu zake: unaandika shahidi kasema nini, hakimu kauliza nini, mshtakiwa kajibu nini. Shahidi akilia unaandika kwamba analia, unasonga mbele. Wewe mwenyewe humo kwenye karatasi, wala hutakiwi kuwamo.

Nilipostaafu nikabaki na vyumba viwili, redio, na viti vinne ambavyo vitatu havikaliwi. Mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa hajakanyaga nyumbani kwa miaka tisa. Kila Jumapili hunitumia ujumbe: shikamoo mama, hujambo? Nami humjibu: marahaba, sijambo. Yameisha hayo mpaka Jumapili nyingine. Nisiseme uongo, upweke ulinikaba. Kuna siku nilijikuta nabishana na msoma habari wa redioni.

Ndipo nikajiunga na darasa la watu wanaotaka kuandika maisha yao, Jumamosi asubuhi pale maktaba. Tulikuwa sita, wote wastaafu, wote tunajiona tuna makubwa ya kusimulia. Mimi sikufuata umaarufu. Nilitaka kuandika siku ile binti yangu alipoondoka, nimtumie, asome, arudi nyumbani. Basi.

Nikaandika kama nilivyozoea. Baba: Nasikia umeacha chuo cha ualimu. Binti: Nimeacha, najifunza kuchomelea vyuma. Baba: Nyumba hii haizai mafundi wa mageti, toka. Binti anatoka. Ukurasa mmoja, safi, hauna kosa.

Mwalimu wetu, msichana mdogo kuliko binti yangu, mwenye miwani inayomteremka puani kila akiinama, aliusoma mara mbili.

"Mama, hapa naona mwenendo wa kesi," akasema. "Mimi nataka kukiona chumba. Waandishi wa hadithi wanaanzia hapo: nani kakaa, nani kasimama, kuna harufu gani, mikono inafanya nini. Na wewe tumia mbinu hizo hizo. Kwani wewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Mimi nilikuwepo tu."

"Hakuna mtu wa kuwepo tu, mama."

Nilikasirika. Mtoto wa juzi ananifundisha kuandika, mimi niliyezeesha mashine tano! Lakini swali lile halikunitoka kichwani. Nikakaa mezani nikaanza kukijenga chumba. Kiti cha mume wangu karibu na dirisha. Harufu ya chuma kilichoungua kwenye nguo za binti yangu. Kidole chake gumba, kimefungwa kitambaa. Vilikuja vyenyewe, kimoja baada ya kingine, hata nikashangaa vilikuwa vimejificha wapi. Kisha nikajiweka katikati, kati ya baba na mtoto, machozi yananitiririka, nikajipa maneno: "Huyu ni damu yetu. Akitoka yeye, natoka na mimi."

Jumamosi nikasoma mbele ya darasa. Dereva mmoja mstaafu, mzee anayejigamba kwamba hajui kulia, alitoa leso. Wakanipigia makofi. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikajiona mtu miongoni mwa watu.

Mwalimu hakupiga makofi. Alisubiri wenzangu watoke.

"Chumba nakiona," akasema. "Nakiona mpaka kidole. Ila yule mama wa katikati simwoni. Mikono yake iko wapi?"

Nilisukumiza karatasi zangu mkobani nikaondoka bila kuaga, na mimi si mtu wa kuondoka bila kuaga.

Mikono yangu nilikuwa naijua tangu siku ile. Nilikaa na karatasi tupu mpaka chai ikapoa mara mbili, ndipo nikaandika. Sikuwa katikati. Nilikuwa mlangoni, mkono umeshika kitasa. Mlango niliufungua mimi mwenyewe, kwa sababu mume wangu alikuwa anafoka, majirani wameshaanza kuchungulia, na mimi nilitaka kelele ziishe. Binti yangu aliponifikia alisimama akanitazama usoni. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Nenda mwanangu, usituongezee aibu." Akapita. Nikafunga.

Nililia mpaka kichwa kikauma.

Sasa nilikuwa na maandishi mawili mezani. Siku ile binti yangu alikuwa na miaka ishirini na macho yamejaa machozi. Pengine hakuona vizuri, pengine angekubali kuyaamini yale ya makofi. Haya mengine yangeweza kunikatia hata ule ujumbe wa Jumapili. Nikayapiga picha haya mengine, nikayatuma kabla sijaghairi.

Jumapili ujumbe haukuja. Iliyofuata pia haukuja. Nikaizima redio, maana kila ilipolia nilidhani ni simu.

Alipiga siku ya Jumatano, mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nyuma yake chuma kilikuwa kinagongwa. Nikasikia mlango ukifungwa, pakatulia.

"Nimesoma," akasema. "Miaka yote hii nilikuwa najiuliza labda nilisikia vibaya. Labda hukusema kitu, ni hasira zangu tu zimekutia maneno mdomoni."

"Nilisema."

"Haya. Sasa najua." Akavuta pumzi. "Mama, umeishia pale ulipofunga mlango. Mimi nililala kwenye benchi la karakana. Wewe kesho yake ulifanya nini?"

Ningeweza kutunga. Mbinu nilikuwa nazo: mama anayezunguka mitaani kumtafuta mwanawe, vumbi miguuni, sauti imemkauka kwa kuita. Hata dereva angetoa leso tena.

"Nilikwenda kazini," nikasema. "Nilipiga chapa kurasa kumi na saba. Sikukosea hata herufi moja."

Nikasikia akivuta kiti, akakaa.

"Siji, mama," akasema. "Si sasa hivi. Lakini na hiyo iandike, unitumie."