Simeoni Analima Pamba

Kidole changu kilikuwa juu ya neno la kwanza, na mdomo ukakataa kufunguka. Mbele yangu msimamizi wa mtihani, kijana kutoka Singida mjini, alishika kalamu akisubiri. Nyuma, kwenye benchi la wanaume, baba mkwe wangu alingoja zamu yake.

Neno lile lilikuwa jina lake.

Ulikuwa mwaka 1975, mtihani wa taifa wa kisomo, katika kijiji chetu cha ujamaa karibu na Ikungi. Kila jioni baada ya shamba tulikuwa tumejifunza kwa taa ya chemli, yeye upande wa wanaume, mimi kwa wanawake. Mchungaji aliahidi kwamba watakaofaulu watasoma Neno ibadani. Nililiombea hilo kwa magoti, na nilijua Baba naye analiombea. Lakini kwetu mkamwana hatamki jina la mkwewe, hata nyumba ikiungua.

Mwalimu wetu wa kisomo, Paskali, alimnong'oneza msimamizi sababu ya kimya changu. Akajibiwa kwamba karatasi ya serikali haibadilishwi.

Ndipo Baba akasema, "Soma, Mama Elina. Huyo ni wa kitabuni, analima pamba. Mimi pamba naijua kwenye shati tu."

Watu wakacheka. Mimi machozi yalinitoka, sikuweza.

Nikasikia benchi likilia, kisha fimbo yake sakafuni. Msimamizi akamwonya kwamba anayetoka kabla ya zamu hatahiniwi tena.

"Nimesikia, bwana mdogo," alisema Baba. "Wewe msikilize mwanangu."

Nilingoja mpaka fimbo isisikike tena. Nikamwomba Bwana anisamehe, nikasoma mpaka nukta ya mwisho. Sijalitamka tena jina lile. Leo naliandika tu.

Nilifaulu. Jumapili niliposoma Zaburi, Baba aliketi benchi la mbele, midomo ikitembea. Tangu hapo kila jioni aliweka kigoda chake mlangoni, mbali kidogo nami kama desturi ilivyotaka, nami nikimsomea. Kila mstari aliurudia, akijiandaa kwa mtihani mwingine. Mungu alimwita kabla haujafika.

Sasa navaa miwani, na vijana wa kwaya hunitania kwamba nikisoma Neno, ugali wa mchana hupoa. Ni kweli. Kila mwisho wa mstari hunyamaza kidogo, nikimwachia Baba nafasi arudie.