Ajuza wa Ngoliba Ana Jina

Neha, mwanafunzi kutoka Thika, alileta dodoso katika kituo chetu cha televisheni hapa Ruiru. Anapima jinsi watu wa habari tunavyowachukulia wazee. "Wazee ni mzigo": tukakataa. "Wazee wana la kusema": tukakubali kabisa. Kiama, mhariri wetu mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, alimaliza wa kwanza.

Nikarudi kwenye mashine yangu ya kuunganisha picha. Nimekata picha za habari miaka ishirini na miwili. Taarifa ya saa saba mchana ilikuwa ya Ngoliba, ambako mifereji imekauka tangu Machi. Kamene, miaka sabini na minane, mwenyekiti wa kamati ya maji, alieleza kwa sekunde arobaini ni valvu gani ya bomba la maji ilifungwa, na lini. Kiama alikuwa ameagiza sauti yake itolewe, ibaki mikono yake ikishika mtungi, na chini tuandike "Ajuza wa Ngoliba". Habari ya valvu isemwe na Nzioki mwenye duka, kwa jina lake kamili. Nzioki mwenyewe alisema mbele ya kamera kwamba ameambiwa na Kamene.

Sikushangaa. Picha za mikono ya wazee bila sauti zao nimezikata nyingi, nikaenda nyumbani nikalala vizuri.

Nikamwita Kiama, nikamuuliza kwa nini. Akasema nyanya anaongea polepole, watu watahama stesheni.

"Weka mikono, mathe," akaniambia, kama anayemwita mama yake. "Watu wataona huruma."

"Hakuomba huruma. Aliomba maji."

Akanikumbusha mhariri ni nani. Neha alikuwa bado mlangoni anapanga karatasi. Nikamwomba yangu, nikafuta majibu yote, nikajaza upya jinsi ninavyofanya kazi kweli. Haikupendeza.

"Sasa chukua yako," nikamwambia Kiama. "Ama uandike ukweli, ama Kamene aongee."

Akatazama saa. Zilibaki dakika tisa taarifa ianze.

"Sekunde ishirini."

"Arobaini. Na jina."

Akaondoka kuelekea studio. Nikaziweka zote arobaini.

Saa saba na dakika sita Kamene alitokea, uso mzima, jina na cheo chake chini. Akataja valvu. Akataja tarehe. Polepole, ndiyo, na kila neno likaeleweka.

Kiama akapita nyuma yangu, akasema tutaongea baada ya taarifa. Nikamwambia sawa. Tayari nilikuwa nimefungua kazi ya jioni: mikono ya mzee wa Kalimoni, na sauti yake yote bado imo, nami sikusudii kuitoa.