Picha ya Ukoo na Kihisi Kidogo

Niliota usiku wa jana kwamba naingia ndani ya kamera yangu kupitia mlango wa betri, nikiwa na suti ileile niliyoivaa mchana kupiga picha za harusi ya dadangu Tatu, hapo Korogwe.

Ndani kuna ukumbi. Lenzi yangu ya milimita hamsini imekaa kwenye kiti, imekunja nne, na imenuna.

"Nasikia unatangaza mjini kwamba kwenye kamera hii mimi ni milimita sabini na tano," inasema.

"Wapiga picha wote tunasema hivyo. Kihisi, kile kibapa cha ndani kinachopokea picha, kikiwa kidogo, lenzi inavuta zaidi."

"Mimi sivuti kitu! Nakuletea picha nzima. Kihisi chako ni kidogo, kinachukua katikati na pembeni kinakata. Unakatwa, halafu unajisifu?"

Nimeona aibu, lakini nimetingisha kichwa kama mtu aliyekuwa anajua. Mpiga picha wa harusi haulizi maswali mbele za watu.

Mara ukumbi unakuwa uwanja wa shule, na ukoo wetu umejipanga kwa picha. Katikati, kama kawaida yetu, amekaa mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani Mbelwa, pamoja na dereva wake na jamaa mmoja anayewashikia simu. Hakuna hata mmoja wa damu yetu. Ndugu wamesukumwa pembeni. Mama, aliyechelewa kutoka jikoni, amesimama mwisho kabisa wa mstari.

Kihisi kinafika. Ni kifupi, kimeshika mkasi wa fundi cherehani.

"Nachukua wa katikati tu," kinasema, na kinaanza kukata. Mashangazi wanaondoka kwa mkupuo. Mjomba Shekiondo anabaki nusu, na ile nusu inaulizia soda.

"Rudi nyuma!" lenzi inanifokea. "Ukirudi nyuma wote wataenea!"

Narudi nyuma. Kila nikirudi, Diwani anasogeza kiti chake mbele, huku anatabasamu.

"Mheshimiwa, samahani, naomba..."

"Naam, kijana. Hapa naonekana?"

"Unaonekana vizuri sana, Mheshimiwa."

Ndivyo nilivyojibu, mama yangu akiwa anakatwa. Nilijichukia hapohapo, lakini sikubadilisha jibu.

Mkasi umefika begani kwa mama. Miguu yake iko nje tayari. Ameshika ukingo wa picha kwa vidole vinne, anang'ang'ania.

"Mama, usiachie!"

"Wewe piga tu, mwanangu," anasema bila kinyongo. "Mgeni asije akachoka kukaa."

Nikapiga.

Niliamka nimelowa jasho. Niliwasha kamera, nikaitafuta picha ya ukoo. Diwani yupo, tai imenyooka. Dereva wake yupo. Yule mshika simu yupo, tena kafumba macho. Mama hayupo. Kwenye ukingo wa kushoto kuna vidole vinne vyenye hina.

Simu ikaita. Alikuwa mama.

"Umeamka, mwanangu? Mimi sijui jana nilijibana wapi. Vidole vinaniuma, hata kikombe cha chai nashindwa kushika."