Ukungu wa Lachlan

Asubuhi ya Jumapili Marsali Gillanders alitoka na ndoo ya kukamulia, akakuta Kilima Chekundu kimehama. Jana yake kilikuwa kushoto kwa kanisa, kilipokuwa tangu enzi za mababu. Leo kilikuwa kulia, kimejikalia kimya, na kondoo wa mzee Ruari bado wamelala juu yake. Marsali alikitazama, akamtazama ng'ombe wake, akaona kivuli kimemwangukia ubavu mwingine. Akavuta kigoda, akakamua.

Mzee Ruari alikuwa anazunguka kanisa kutafuta pa kupandia.

"Mdogo wako huyo," alisema. "Mwambie siku nyingine atoe taarifa. Nimetembea mpaka miguu imeniuma, naenda kwenye kilima ambacho hakipo!"

"Mwambie mwenyewe, mzee. Mimi nishachoka naye."

Mdogo wake, Lachlan, alikuwa zizini, amelala chini ya turubai lake la kuchorea na rangi kwenye ndevu. Alikwenda Edinburgh kusomea uchoraji, akarudi na koti la mahameli na tabia ya kufumba jicho moja kila anapozungumza na mtu, kana kwamba anapima kama anafaa kuwepo. Huko kijijini Kinlorran kila mtu alijua kwamba picha ya Lachlan ikishapata mwenyewe, bonde huifuata. Picha isiyo na mnunuzi haikusogeza hata kokoto, na kwa miaka mingi alichora hizo tu, kwa hiyo watu waliishi kwa amani. Lakini safari hii Meja Strachan, mwenye ardhi yote ile, alikuwa amemwagiza picha kubwa ya ukumbi wake wa kulia chakula, na akalipa kabisa. Lachlan akaona kilima kinabana anga upande wa kushoto. Akakisogeza.

Baada ya ibada wazee wa kanisa walimweka kitako.

"Kilima tumekiona," alisema Mchungaji Beaton. "Kimekaa vizuri, tena kinatukinga upepo. Mimi nina swali moja tu. Kilihama lini?"

"Jumamosi usiku, mchungaji."

"Kabla ya saa sita au baada yake?"

Lachlan alitazama viatu vyake. "Ilikuwa imepita kidogo."

Akina mama wakaguna. Kufanya kazi Siku ya Bwana! Mzee mmoja alisema katika maisha yake hajapata kusikia jambo la kutisha namna ile. Lachlan aliketishwa kwenye kigoda cha toba mbele ya kanisa zima, Jumapili tatu mfululizo, na kilima kikimchungulia dirishani.

Adhabu ilipokwisha, majirani wakaanza kumjia. Kila mwamba ngoma huvutia kwake: Beathag alitaka kijito kipite mlangoni kwake, na Ruari alitaka mbwa wa jirani asionekane tena.

"Mimi ni msanii," Lachlan aliwajibu, amefumba jicho. "Si fundi wa kuhamisha mito."

"Msanii anayekula viazi vyangu," alisema Marsali.

Kisha Meja alikuja mwenyewe, juu ya farasi, na msimamizi wake nyuma. Alisimama zizini akaitazama picha kwa muda mrefu. Marsali alikuwa nyuma ya ng'ombe, hakuna aliyemsalimu.

"Kilima kizuri," alisema Meja. "Maji mazuri. Na hivi ni nini?"

"Nyumba, Meja. Ni Kinlorran."

"Naona. Zitoe. Wageni wangu wanakuja kuwinda kulungu, wanataka kuona maumbile. Sasa mtu anatazama, anaona moshi na masuruali yameanikwa!"

Msimamizi aliongeza kwa adabu kwamba zikitoka kwenye picha, zitampunguzia kazi. Alikwisha panga kuja na watu na mienge kabla ya baridi, na kuchoma nyumba zilizolowa si kazi ya mchezo.

Walipoondoka, Marsali aliweka ndoo chini.

"Ukizifuta, mimi nitalala wapi?"

"Dada, nikikataa atamwita yule mchoraji wa Perth. Yule hufuta kabla hajaambiwa."

"Mama alituzalia humu, Lachlan! Nikiamka nimelala kwenye majani matupu, haki ya Mungu sitakuacha, nitakufuata mpaka kaburini na huu mwiko wa uji!" Alikuwa analia kwa hasira, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Alijifuta uso kwa aproni, akaitazama picha. Akatazama na zile za zamani, zilizoegemea ukuta bila mnunuzi.

"Hebu niambie. Mbona farasi wako wote wamesimama kwenye ukungu?"

Lachlan aliona haya. "Ni mtindo."

"Mtindo gani! Hujui kuchora miguu ya farasi. Tangu utotoni hujui. Kila kinachokushinda unakifunika ukungu."

"Dada, wachoraji wakubwa wote..."

"Sikukutukana, mjinga wewe. Nakwambia tuwekee na sisi."

Aliweka ukungu siku nzima ya Jumatano, tabaka juu ya tabaka, na jioni ukashuka Kinlorran ukatulia. Msimamizi alipofika na watu wake, waliingia upande mmoja wakatokea palepale walipoingilia, mienge imezimika. Mmoja wao alikuwa ameshika kuku, hakumbuki alimtoa wapi. Wakampelekea Meja habari kwamba nyumba zimekwisha toka. Meja akafurahi.

Ndani ya ukungu watu waliendelea na maisha. Nguo hazikukauka tena. Viazi vilitoka vyembamba, vyeupe kama mishumaa. Ng'ombe walifungwa kengele, na watoto pia. Mzee Ruari alikula chakula cha jioni nyumba isiyo yake kwa wiki nzima bila kusema kitu, maana mchuzi wa huko ulikuwa na nyama. Lachlan alichora picha nyingine, nyumba zote zikiwa juani, milango wazi. Ilikuwa ndiyo picha yake nzuri kuliko zote, hata Marsali alikiri. Hakupatikana wa kuinunua. Ikabaki zizini inanuswa na ng'ombe.

Meja aliandaa karamu ya kuizindua ile picha ya ukumbini. Marsali alipeleka siagi jikoni kwake, kama kawaida. Hakuna aliyewahi kumuuliza siagi inatoka wapi. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi kidogo, akachungulia. Pale ukutani Kinlorran ilikuwa nyeupe tupu chini ya kilima, na kutoka kwenye turubai kulikuwa na harufu ya moshi wa jikoni kwa Marsali. Wageni waliinusa wakaisifu.

"Na humo kwenye ukungu," aliuliza bibi mmoja mwenye manyoya kichwani, "wanaishi akina nani?"

Meja alimgeukia Lachlan. Lachlan alikuwa na glasi ya wiski mkononi. Alifumba jicho moja.

"Hakuna mtu, bibi. Ni maumbile matupu."

Wakapiga makofi.

Baadaye alishuka jikoni, akamkuta dada yake amekaa karibu na chombo cha siagi.

"Umesikia," alisema Lachlan. "Ilibidi, dada. Ningesema vingine..."

"Angeleta moto. Najua. Ilibidi useme." Marsali alifunga shali yake. "Lakini umesema upesi mno, mdogo wangu. Kama mtu aliyeulizwa jina lake."

Lachlan alichukua mkate wa shayiri, akaupaka siagi, akala amesimama.

Majani yalipopukutika na giza likaanza kuingia mapema, Marsali aliwasha taa yake. Jioni hiyohiyo, ukumbini kwa Meja, kidoa cha manjano kilionekana katikati ya ukungu. Kilijitokeza tena kesho yake, na keshokutwa. Meja alimwita Lachlan aje na brashi aondoe lile doa. Lachlan alikuja, akachanganya nyeupe na kijivu kidogo, akaliondoa. Mwaka uliofuata akaitwa tena. Sasa ana nyumba Edinburgh na nishani kifuani, na inasemekana hakuna mchoraji anayeuweza ukungu kama yeye.

Kinlorran, ukungu unapozidi ghafla hata mtu asione mkono wake mwenyewe, watu huambiana kwamba Lachlan ameitwa. Marsali huchukua taa akaisogeza karibu zaidi na dirisha. Kisha hutafuta ndoo kwa kupapasa, akaenda kukamua.