Kikombe cha Kambi

Kikombe chenyewe kilikuwa cha bati, cha masikio mawili, na ndani yake kulikuwa na utando mweusi ambao ungeweza kuuchokonoa kwa ukucha. Msichana alikiona kabla hajaona kingine chochote kwenye lile bwalo la kambi: kabla ya meza zinazonata, kabla ya mabegi yaliyorundikwa mlangoni, kabla ya soksi za mtu zilizoanikwa dirishani hali chai inanywewa papo hapo. Kilikuwa kinapita mdomo kwa mdomo, chai ikipungua na mate yakiongezeka, na wasichana ishirini na tisa wakipiga makofi kila mmoja alipomeza.

"Kunywa, mgeni," alisema binti mkubwa kuliko wote, mwenye miaka kumi na minane, ambaye kambi nzima ilimwita Kamanda. "Ukishakunywa si mgeni tena."

"Kinaoshwa lini?"

Bwalo zima liliangua kicheko.

"Hakioshwi! Tangu kambi ianze hakijawahi kuguswa na maji. Ukikiosha unawafuta waliotangulia."

Kamanda alipangusa pua kwa kiganja, akamsogezea kikombe kwa kiganja hicho hicho. Asubuhi ile ndani ya basi alikuwa ametapika mara mbili kwenye mfuko wa plastiki, akasingizia kona za barabara. Msichana alikuwa kiti cha nyuma yake, na kila kitu alikisikia. Sasa aliitazama chai. Kulikuwa na kitu kinaelea, naye akajilazimisha kuamini kwamba ni jani.

"Samahani," alisema. "Mimi sinywi."

Makofi yalikatika.

Ujue kwamba msichana huyu alikuwa na miaka kumi na mitano na alilelewa na mama yake mkubwa, muuguzi wa wodi ya watoto. Katika nyumba hiyo mikono ilinawiwa kabla ya kula, baada ya kula, na siku nyingine mpaka chakula kikapoa watu wakiwa bado bombani. Mama mkubwa alihamishwa kikazi mara tatu ndani ya miaka mitano, na msichana akabadilisha shule tatu. Katika shule zote hizo hakuna aliyewahi kuweka begi kwenye kiti kitupu na kuwaambia wengine, "Hapa pana mtu, anakuja." Hakutamani urembo wala sifa. Alichotaka ni kuwekewa nafasi, basi. Ndiyo maana mama mkubwa alimpeleka kambini likizo hiyo kwa wiki mbili, akimwambia kwamba huko watu hupata ndugu. Na saa ya kwanza tu, ameshashindwa na kikombe!

Kabla jua halijazama walishampa jina: Bi Usafi. Alipokaa, benchi lilihama. Alipoingia hemani, mazungumzo yalikwisha. Naye, badala ya kulia, alikasirika, kwa sababu watu wenyewe waliomtenga walikuwa wananuka. Walishirikiana miswaki. Walilamba kijiko na kukirudisha kwenye chupa ya asali. Kilichomuudhi kuliko vyote ni kwamba bado aliwatamani.

Mkuu wa kambi, mwalimu mstaafu wa michezo, ndiye aliyemtia kinyaa zaidi. Kila asubuhi aliwapanga mstari, tumbo likiisukuma fulana iliyoandikwa Sisi Ni Wamoja, akapuliza filimbi.

"Kambini hakuna nani?"

"Mgeni!" waliitikia.

"Sisi ni nani?"

"Ndugu!"

Halafu bwana huyo wa udugu alikwenda kula kuku peke yake nyuma ya pazia, na ndugu zake wakala maharage.

Maharage yenyewe lakini hayakuwa na kasoro. Mpishi alikuwa mama wa makamo, mpole, asiyeshika mwiko kabla ya kunawa, na sufuria zake ungeweza kujitazama humo ukachana nywele. Jumanne mchana, msichana alipokuwa amekaa peke yake kama mkosaji, alikwenda kuomba sahani ya pili.

"Njoo, njoo," mpishi alisema akimwongezea mpaka juu. "Mtu akirudia chakula changu, huyo nimemzaa mwenyewe."

Jumatano asubuhi, filimbi ilipolia, Kamanda alitoka mstarini na kutapikia viatu vya mkuu wa kambi. Aliyemfuata hakuwahi hata kutoka mstarini. Mpaka saa sita mchana, kati ya wasichana thelathini, aliyebaki wima alikuwa Bi Usafi pekee.

Sina haja ya kukueleza yote. Vyoo vilikuwa vinne, na viwili havina mlango. Mkuu wa kambi alifunga kitambaa puani, akatangaza kwamba ni mabadiliko ya hewa, akajifungia ofisini kupiga simu ambazo hakuna aliyejua anampigia nani. Waliobaki na ndoo ni mpishi na msichana. Mpishi alichemsha maji. Msichana alipima sukari na chumvi kama alivyofundishwa nyumbani, akanywesha kijiko kwa kijiko, akafua mashuka ambayo hata kuyatazama ilihitaji moyo. Ndoo kubwa waliibeba wawili, mmoja huku na mwenzake kule, mpaka shimoni na kurudi. Usidhani alikuwa malaika. Alikereka kuanzia unyayo hadi utosini, na kila alipoinua kichwa cha mtu alijiambia moyoni: shenzi, si mliniita mimi mgonjwa wa sabuni?

Alipofika kwa Kamanda hakujizuia.

"Ni kile kikombe. Ulikuwa unaumwa tangu kwenye basi, ukakinywea wa kwanza."

Kamanda alikuwa amelala chali, midomo imekauka. Machozi yalimtoka.

"Najua," alisema. "Usiniache, Bi Usafi."

Hakumwacha. Alhamisi walianza kukaa, Ijumaa wakaanza kutembea wakishikilia kuta. Na Ijumaa hiyo mchana msichana aliingia bwaloni, mikono inanuka dawa ya kufulia, akamwona Kamanda ametandika sweta lake kwenye benchi. Mmoja alitaka kukaa, Kamanda akamsukuma.

"Hapa pana mtu. Bi Usafi wetu anakuja."

Alikaa. Kushoto bega la mtu, kulia bega la mtu. Aliinama juu ya sahani ili wasimwone macho, maana kwa miaka mitano shuleni alikuwa amekula peke yake.

Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi. Asubuhi Kamanda aliwakusanya wote nyuma ya mahema.

"Wazazi watauliza," alisema. "Kikombe kikijulikana, kambi itafungwa. Mkuu ameshasema atawaambia ni maharage. Sisi tunyamaze tu."

"Na Mama Mpishi?" msichana aliuliza.

"Mama Mpishi atapata kazi kwingine. Sisi watu kama sisi tutawapata wapi?"

Wote walimtazama. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye yeye hakumshika kichwa alipotapika. Hakujibu, na kutojibu kwake wakakuchukua kuwa ndiyo.

Wazazi walipofika walikuta watoto wamekonda mashavu, na makelele yakaanza. Mkuu wa kambi aliinua mikono, sauti imelainika. Tatizo limeshajulikana, alisema, ni chakula cha Jumanne, ni uzembe wa mtu mmoja, na mtu huyo anaondoka leo hii. Alimwelekezea mpishi kidole mbele ya umati mzima. Hivyo ndivyo mama wa watu alivyoangushiwa jumba bovu, aproni yake nyeupe ikiwa bado kifuani.

Lakini miongoni mwa wazazi alikuwamo mama mkubwa, na muuguzi wa miaka ishirini kazini haongopewi kirahisi.

"Ngoja kwanza," alisema. "Kama ni maharage, huyu wangu mbona mzima? Mwanangu, wewe Jumanne ulikula?"

Neno moja tu lilihitajika. Nilikula, tena nikarudia. Muuguzi angemalizia mwenyewe hesabu iliyobaki. Msichana aliwaona wenzake ishirini na tisa wamesimama pamoja, na katikati yao pengo la mtu mmoja.

"Sikula," alisema.

"Alikula, dada," mpishi alisema kwa upole, kama anayemkumbusha mtoto kitu alichosahau. "Tena aliongeza. Sahani ya pili nilimpa kwa mkono wangu huu."

"Mama Mpishi amenichanganya na mwingine," msichana alisema akimtazama mpishi machoni. "Mimi siku ile sikula kitu."

Alimruka kimanga! Mtu waliyebeba naye ndoo moja siku mbili, alimruka mchana kweupe, na sauti haikumtetemeka.

Mama mkubwa alimwamini, kwa kuwa mtoto huyu hakuwahi kumdanganya. Alimkumbatia mbele za watu.

"Kumbe mafundisho yangu yamekuingia," alisema. "Pua yako ilikwambia chakula si salama, ukakiacha. Safi sana, mwanangu."

Mkuu wa kambi alipiga makofi, na wazazi wakamfuata. Msichana alisimama akipigiwa makofi kwa uongo, na hapo ndipo alipojua maana ya kinyaa. Yale ya wiki nzima, ya ndoo na mashuka na vyoo visivyo na mlango, yalikuwa uchafu tu, uchafu wa kawaida unaotoka kwa maji. Huu alikuwa nao ndani, na mbaya zaidi ulikuwa na utamu.

Mpishi alirudi jikoni. Aliosha sufuria ya mwisho, akaipangusa, akaifunika. Akatoka na mfuko wake mmoja. Alipomfikia msichana alisimama.

"Sikulaumu sana," alisema kwa sauti ya chini. "Utoto una njaa zake. Ila siku nyingine ukitaka kunizulia, usinitazame machoni. Inauma zaidi."

Akaendelea na njia yake. Wasichana hawakusubiri afike mbali. Walimvamia mwenzao, wakamning'inia shingoni, jasho lao, pumzi zao, mdomo wa mtu asiyepiga mswaki ukambusu shavuni. Harufu yao haikumsumbua hata kidogo. Kamanda alimshika kiunoni akamnong'oneza, "Sasa wewe ni wetu kabisa," na ilikuwa kweli, kabisa, hakuna wa kuiondoa.

Mama mkubwa alikuja na funguo za gari mkononi, uso una wasiwasi.

"Sikia, mwanangu. Kwa mambo niliyoyaona hapa, mimi roho yangu haijatulia. Ukisema tuondoke, tunaondoka sasa hivi. Au unataka kumalizia wiki yako ya pili?"

"Nataka kubaki," alisema.

Alisema upesi, na mpishi alikuwa hajafika hata getini.